Tukutuku Iliyozimikia Mbali

Tulikuwa tunaisikia kabla ya kuiona. Kwanza mlio mdogo ng'ambo ya kijito, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kibuyu. Kisha ukapotea bondeni, ukadhani masikio yalikudanganya. Kisha ukazuka upande huu wa kilima, mnene, wenye kifua, na kuku wakaanza kukimbia hata mbwa hawajainua vichwa. Ilikuwa pikipiki ya baba. Sisi tuliiita tukutuku, na katika kijiji chote cha Wamaza cha wakati ule ilikuwa hiyo moja tu.

Juzi kijana mmoja alimwaga petroli mbele ya mlango wangu akijaza pikipiki yake. Akaomba radhi, akaleta mchanga, akafunika, akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale na ufagio mkononi mpaka jua likahama. Nyumba nzima ilikuwa inanuka mikono yangu ya utotoni.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya barabara ya Leta, yaani ya Serikali, mnaijua mitaa yetu ilivyokuwa: nyumba zote mstari mmoja, milango yote ikitazama njia, kwa sababu Serikali ilitaka kutuhesabu bila kushuka garini. Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu na daraja la miti. Yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, ikipakana na dispensari ya misheni, maana baba alikuwa muuguzi. Watu walimwita Munganga, ingawa yeye mwenyewe alisema si mganga, ni mchoma sindano tu. Alizunguka vijiji vya Kabambare na sanduku la dawa nyuma ya tukutuku, na mara kwa mara alikwenda Kasongo kuchukua kwinini na bandeji. Kila aliporudi nilimngoja darajani. Alinipandisha mbele yake, juu ya tangi la moto, na kazi yangu mimi, Veronika binti yake, ilikuwa kuizima mashine.

Msicheke. Kuizima ilikuwa kazi yenye adabu yake.

"Mashine si mbuzi, Vero," aliniambia siku ya kwanza. "Mbuzi unamukata shingo, anakufa, basi. Mashine ukiikata ghafula, esansi inabaki tumboni mwake, inaoza. Kesho asubuhi inakukatalia mbele ya watu."

"Sasa inakufa namna gani?"

"Haifi. Inamaliza. Unafunga robine mbali kidogo, yenyewe inakunywa ile ya mwisho, inamaliza pole pole. Na wakati inamaliza, weye umefika mlangoni."

Robine ilikuwa bomba dogo la shaba la kufungia esansi, yaani petroli, chini ya tangi, palepale penye goti langu la kushoto. Tulipofika kwenye kichuguu cha mchwa kilichokuwa mbele ya nyumba ya Kapita, mkubwa wa kijiji, baba aligusa bega langu, nami nikaikunja. Mashine haikujua. Iliendelea kunguruma kama aliyefiwa lakini bado hajaambiwa. Kutoka hapo ilipita nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Karibu na jiko la bibi ilianza kukohoa, na mbele ya mlango wetu, mahali ambapo mama alikuwa amesimama na kata ya maji, ilitoa kikohozi kimoja cha mwisho, ikanyamaza. Baba alinywa maji bado akiwa amekalia kiti chake. Mama alipokea kata. Hakuna hata siku moja ilipopita mlango kwa hatua tatu wala kupungukiwa hatua tatu.

Kwa akili ya mtoto, nilijua sababu. Nilidhani mashine haizimwi na kiu, inazimwa na mama. Nilidhani inamwona pale mlangoni, inatosheka. Ile robine niliihesabu kuwa ni sala tu, kama kujipiga ishara ya msalaba kabla ya kula: ukisahau, chakula hakigeuki sumu.

Kulikuwa na namna ya pili ya kuizima, na hiyo baba hakunifundisha. Siku nyingine alisimama darajani, akazima palepale, akavua kofia yake ya kizungu akaitundika kwenye usukani. Akaniambia nipite njia ya nyuma, mashambani kwa mihogo, niende kwa bibi. Yeye akaisukuma tukutuku kwa miguu, njia nzima, akipita mlango kwa mlango. Nilidhani siku hizo petroli imemwishia na anaona haya nikimwona akitoka jasho.

Kumbe siku hizo alikuwa amebeba kifo. Mtu wa Wamaza akifia lopitali ya Kasongo, au kijiji cha mbali, ni baba aliyeleta habari. Nyumba ya msiba haiingiwi kwa kelele, ndivyo alivyolelewa. Akaona hawezi kunguruma mpaka mlangoni kwa mtu kisha amwambie mwanao hayupo. Hivyo aliisukuma. Watu wakajifunza wenyewe. Walipousikia mlio ukikatika mbali, walitoka, wakasimama mbele ya milango yao bila kusalimu. Alipowapita, walipumua. Na mlango ambao tukutuku ilisimama mbele yake, kilio kilianza kabla baba hajafungua kinywa. Walikuwa wakisema Munganga wa Wamaza hana haja ya mdomo.

Mama alikuwa mtu wa Kasongo, Mungwana, yaani Mwislamu wa mjini, binti wa nyumba zilizo karibu na msikiti. Aliitwa Zaina. Alipobatizwa ili aolewe na baba akawa Tereza, lakini alipochoma kidole jikoni alisema "Ya Rabi" na bibi, mama yake baba, akakohoa. Alitembea kama watu wa mjini, hatua fupi, kitambaa kimefunika nywele hata alipokwenda misa. Kila baba aliporudi Kasongo, akishakunywa maji, mama alimuuliza maswali yaleyale.

"Habari za kule?"

"Iko salama tu."

"Na upande wa musikiti?"

"Salama."

"Watoto wa chuo cha Kurani?"

"Wanasoma. Kelele mpaka sokoni."

Hapo mama alitikisa kichwa na kurudi jikoni, na jioni hiyo aliimba akipepeta mchele. Nilidhani anatamani vitumbua vya kwao. Niliwahi kumwambia nikiwa mkubwa nitampikia mimi, asiwe anauliza uliza. Akaweka ungo chini, akasema, "Ahsante, mama yangu. Utavipika."

Mwaka ule surua iliingia Kasongo. Baba alipokuwa akifunga sanduku kwenda huko kusaidia, mama aliacha kutwanga.

"Surua inachagua watoto wa umri gani, Baba Vero?"

"Wadogo. Hata wa miaka minane, tisa, inawaweza. Wetu nimekwisha mutazama, usiogope."

"Siogopi wetu," mama alisema. Kisha haraka: "Nenda na Mungu."

Baba alikaa huko siku nyingi kuliko kawaida. Katika siku hizo mama aliunguza ugali mara mbili, na bibi alisema wanawake wa mjini hata moto hawaujui.

Siku aliporudi nilikuwa darajani tangu jua la utosini. Alifika mwekundu kwa vumbi, macho yamechoka, lakini anacheka, na shingoni amejizungushia kitambaa kipya cha maua alichomletea mama. Akaninyanyua. Nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikiwaza jambo moja: nitamwonyesha baba kwamba mashine yake ina akili kuliko anavyodhani. Kichuguu hakina maana. Naweza kuifunga robine popote, nayo itafika kwa mama ndipo imalize. Kwa hiyo, kabla hajatia gia ya pili, niliifunga palepale kwenye daraja. Nilitabasamu peke yangu, upepo ukinipiga meno.

Tulipanda kilima. Karibu na nyumba ya kwanza ikakohoa. Nikashtuka. Ikakohoa tena, ikazimika.

Baba alipiga teke la kuwasha mara tatu, mara nne. Ikiwa ya moto haikukubali mpaka ipoe. Akainama, akaona robine. Akaniona mimi.

"Vero. Umeifunga wapi?"

"Darajani."

"Ju ya nini?"

"Nilitaka ufahamu inaweza kufika."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Sijamwona tena akicheka hivyo. "Basi, Munganga wa mashine," akasema, "tushuke. Mugonjwa wako tutamusukuma." Na kwa sababu jua lilikuwa kali na anatoka jasho, akavua kofia, akaitundika kwenye usukani.

Nilisukuma kwa nyuma, mikono juu ya sanduku la dawa. Mzee wa nyumba ya kwanza alikuwa akisuka mkeka. Aliinuka, mkeka ukaanguka. Tukapita. Wa nyumba ya pili walitoka wote, mwanamke wa pale amebeba mtoto kifuani kwa mikono miwili. Nilidhani wananiheshimu mimi, mtoto wa kike ninayesukuma tukutuku. Nikainua kidevu. Baba alikuwa ananisimulia jinsi alivyokutana na kima mwenye mimba barabarani, hakutazama kando. Tulikuwa tumepita nyumba nyingi alipoona kimya. Akasimama. Nikagonga uso wangu kwenye sanduku.

"Mungu wangu," akasema. Kisha akapaza sauti, mikono juu: "Si kilio! Jamani, hakuna maiti! Ni esansi tu! Huyu mutoto amefunga robine!"

Kwanza hakuna aliyesadiki. Halafu Kapita akatoka barazani ameshika kifua. "Munganga! Unajua umeniua mara ngapi toka kule nyumba ya kwanza? Nina watoto sita, umeniua mara sita!"

"Unisamehe, Kapita."

"Sikusamehe. Maiti ni tukutuku yenyewe? Leteni sanda tuizike, na huyu Vero atalipa mbuzi wa matanga!"

Watu wakapasuka. Kicheko kilikimbia mstari wote wa nyumba, wanawake wakipiga mapaja, watoto wakitufuata wakiiga kikohozi cha mashine. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, na kimya kilikuwa kimefika kwake kabla ya kicheko.

Mama alikuwa amesimama pale anaposimama sikuzote. Alikuwa ameona kofia kwenye usukani. Alikuwa ameona tukutuku ikipita mlango wa kwanza, wa tano, wa kumi, haisimami. Kata ilianguka. Kisha mama akaanguka.

"Saidi!" Sauti ile haikuwa ya mama niliyemjua. "Saidi mwanangu! Nilikuua kwa mudomo wangu, mbele ya Padri nilisema umekufa, na sasa umekufa kweli! Mungu amenisikia! Saidi, baba yangu, mimi ndiye nimekuua!"

Alikuwa anachota mavumbi anajimwagia kichwani. Bibi alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, ugali ukidondoka. Wale waliotufuata wakicheka walifunga midomo mmoja mmoja. Baba aliuachia usukani. Tukutuku ikalala ubavu, petroli ikaanza kutoka kwenye kifuniko cha tangi na kuchora mto mdogo kati ya miguu yangu, na harufu ikapanda.

Alipiga magoti mbele yake. "Tereza. Tereza, nitazame. Hakuna mutu amekufa. Mutoto alifunga robine."

Mama aliinua uso. Nimeishi na uso ule mpaka leo. Furaha ilifika kwanza, safi, kama ya mtu aliyepewa maji. Kisha akaona watu. Akaona bibi. Akakumbuka alilolisema.

Baba aliuliza polepole, kama anavyomuuliza mgonjwa ni wapi panauma. "Saidi ni nani?"

"Ni wangu."

"Uliniambia alikufa."

"Nilisema."

"Na baba yake?"

Mama alitazama chini. "Iko. Alinipa talaka, mutoto akabaki naye. Mulisema mwanamuke mwenye mume muzima Padri hamufungishi ndoa. Nikasema wamekufa wote wawili. Ulikuwa umekwisha kunipenda, na mimi pia."

Kapita aliwafukuza watu kwa mkono, bila mzaha. Wakaondoka wakitazama nyuma.

Alfajiri baba aliwasha tukutuku akarudi Kasongo. Hakusema anakwenda kufanya nini. Mama alikaa siku zote hizo kwenye mkeka akitazama njia. Bibi, aliyekuwa na ulimi kwa kila jambo, alimpikia uji akauweka karibu naye, akaondoka bila neno. Mimi nilisugua mikono yangu kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa kijitoni. Harufu haikutoka.

Sikwenda darajani. Nilisikia tu, kama wengine. Mlio uliingia bondeni, ukapotea, ukarudi. Haukukatika darajani. Mama alikuwa amesimama, midomo inahesabu. Kwenye kichuguu baba aliifunga mwenyewe. Mashine ikanywa yake ya mwisho, ikakohoa kwenye jiko, ikamaliza mbele ya mama.

"Iko muzima," baba alisema, bado amekaa juu yake.

Mama alishika nguzo ya baraza. Nyuma yake bibi alimfanyia baba ishara kwa kidole: kidole kwenye midomo. Inatosha. Funga hapo. Niliiona ishara ile na baba aliiona. Angeweza kushuka, kunywa maji, na sisi tungeendelea kuwa watu watatu na bibi yetu.

"Surua imemupita," akaendelea. "Lakini imechukua macho. Yote mawili. Nimeyapima kwa mikono yangu."

Nzi alitembea juu ya tangi. Hakuna aliyemfukuza.

"Baba yake ameoa, muke ana watoto wadogo wake. Nilimukuta Saidi peke yake uani, anatafuta wali chini na vidole. Nimeomba nimulete hapa. Wamekataa. Mutoto wa Muislamu, wanasema, hawezi kulelewa nyumba ya Padri. Lakini mama yako anasema chumba chako iko. Ukirudi mwenyewe, watakupa mutoto umulee pale kwenu."

Bibi alipiga mwiko kwenye sufuria. "Mutu mwingine yeyote angesema mutoto muzima, akanyamaza!"

"Mama," baba alisema, "nyumba hii imeishi juu ya uongo mumoja. Wa pili haiubebi."

Jioni nilikuwa nyuma ya ukuta wa fito, na waliongea kama watu wanaopimana kidonda.

"Ukikaa, sitakuuliza tena neno," baba alisema. "Padri nitamujibu mimi. Akinifukuza kazi, nitalima pamba kama wengine."

"Nitakaa namna gani, Baba Vero? Kila ugali nitaona vile vidole."

"Basi nitakupeleka na tukutuku."

"Hapana. Kwa miguu. Nikienda na weye, nitarudi na weye."

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia, mama, ni mimi. Mimi ndiye nilifunga robine. Alichukua mikono yangu, akaileta puani kwake, akainusa kama anavyonusa unga kujua kama umeharibika. "Usingeifunga," akasema, "ningeendelea kuuliza habari za chuo mpaka nizeeke." Sikuelewa. Nilisikia tu kwamba hakusema si wewe. Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe, kujua kwamba alikuwa ananishukuru, na kwamba shukrani inaweza kumvunja mtoto sawasawa na kiboko.

Usiku ule nilipata shauri. Lilikuwa wazi kabisa, nikashangaa wakubwa hawakuliona. Mama anakwenda kwa mtoto asiyeona. Kulipokucha sikufungua macho. Niliamka nikapapasa ukuta, nikajigonga kwenye kinu, nikaangusha debe la maji. Bibi alisema huyu naye ana nini. Nilikaa chini katikati ya chumba nikaanza kutafuta sakafuni kwa vidole, ingawa hapakuwa na wali.

Nilimsikia mama akiacha alichokuwa anakifunga. Kitambaa kile kipya cha maua kilinuka duka alipoinama, alikuwa amekivaa.

"Vero."

"Sioni, mama. Surua imenikamata mimi pia."

Hakucheka. Alikaa sakafuni mbele yangu. Vidole gumba vyake vilipita juu ya kope zangu, kimoja kila upande, vikarudi vikiwa vimelowa, sijui ni machozi ya nani.

"Fungua, mama yangu. Nikuone."

Nilikaza macho mpaka nikaona nyota nyekundu. Nilijua nikifungua nimeshindwa. Niliwaza: atangoja. Hawezi kuondoka bila kuonwa.

"Unajua njia ya kijito," akasema. "Unajua kuchagua mchele. Unajua baba yako anakula chumvi kidogo. Unaona, Vero. Wewe unaona sana."

"Sioni."

"Haya." Alinifuta mashavu kwa ncha ya kitambaa. "Haya, usifungue."

Aliweka midomo juu ya kope la kushoto, akaweka juu ya lile la kulia. Mkeka ukalia alipoinuka. Nikasikia hatua zake fupi za mjini, nikasikia baba uani akisema, "Maji ya njiani haya hapa," na kibuyu kikipokewa. Nilingoja aniite mara moja zaidi ndipo nifungue. Mara moja tu. Hatua zikavuka kizingiti. Mbao zikavutwa kutoka nje, polepole, kwa mkono wa mtu asiyetaka kuamsha mtoto, na mlango ukafungwa.